Alaska kwa Meli na Familia: Chagueni Njia Kabla ya Kuchagua Meli

Swali: Tunataka kwenda Alaska kwa meli ya kitalii mwaka ujao, safari ya siku saba. Tutakuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 4, 9 na 14, na mama mkwe wangu mwenye miaka 72, ambaye goti lake moja linamsumbua na anatembelea mkongojo. Tumeonyeshwa meli mbili. Moja inaondoka Seattle na kurudi hapo hapo. Ni kubwa, mpya, na ina miteremko ya maji na michezo mingi ya watoto. Nyingine inaondoka Vancouver na kurudi hapo. Ni ndogo na ya miaka mingi kidogo. Bei zinakaribiana. Tuchague ipi, na twende Juni au Agosti? Mama mkwe anaogopa kulewa bahari. Tena tumeambiwa kwamba bila kabini yenye roshani safari haina maana. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, nakushukuru kwa kutaja goti la mama mkwe wako na umri wa kila mtoto, maana bila mambo hayo mawili ningekupa jibu la jumla lisilomfaa mtu yeyote. Wengi wanaoniandikia huanza na meli: ina mikahawa mingapi, ina bwawa la maji ya moto au haina. Kwa safari nyingine za meli maswali hayo yana uzito wake, lakini katika pwani ya Alaska mtu amelipa nauli ili atazame nje. Milima, barafu, nyangumi na misitu inayoshuka hadi ukingoni mwa maji ni vilevile kwa aliyepanda meli mpya na aliyepanda meli ya zamani. Kinachotofautiana ni maji ambayo meli inapita, saa za mchana ambazo abiria anazipata bandarini, na mto wa barafu ambao meli ina kibali cha kuufikia. Kwa familia yenu ningechukua meli ya Vancouver, kwa sharti moja tu: ratiba yake iwe na siku nzima ndani ya Glacier Bay, ghuba ya mito ya barafu iliyo hifadhi ya taifa.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayomtia hofu mama mkwe wako. Pwani ya kusini-mashariki ya Alaska na ile ya Kanada iliyo chini yake zimezungukwa na maelfu ya visiwa, na kati ya visiwa hivyo na bara kuna mfululizo wa milango ya bahari unaoitwa Inside Passage. Visiwa huvunja mawimbi ya Pasifiki kabla hayajafika ndani, hivyo mara nyingi maji huko hutulia hata pepo zinapovuma nje. Meli inayotoka Vancouver huingia katika maji hayo tangu jioni ya kwanza, ikipita kati ya kisiwa cha Vancouver Island na bara. Meli kubwa inayotoka Seattle kwa kawaida hutoka kupitia mlango wa Juan de Fuca na kupanda kaskazini kwa upande wa nje wa kisiwa hicho, yaani bahari kuu, na hurudi kwa njia hiyo hiyo. Si kwamba bahari hiyo huchafuka kila siku. Nimewahi kuipita ikiwa shwari kabisa. Hata hivyo, mtu anayejua kwamba tumbo lake halistahimili mawimbi hana sababu ya kujitia katika siku mbili za bahari kuu, ya kwenda na ya kurudi, wakati njia ya ndani ipo na bei inalingana.

Njia hiyo ya ndani ina sehemu moja ambayo ningependa mtoto wako wa miaka 9 aisubiri sitahani. Inaitwa Seymour Narrows, mlango mwembamba ambao mkondo wake unaweza kufikia noti 15, yaani kilomita 28 hivi kwa saa, maji yanapojaa na kupwa. Katikati yake palikuwa na mwamba uliojificha chini ya maji, ukiitwa Ripple Rock, ambao uliharibu au kuzamisha vyombo zaidi ya 100, mpaka wahandisi walipochimba handaki chini ya bahari, wakaujaza tumbo lake baruti, na kuulipua tarehe 5 Aprili 1958. Hata leo nahodha wa meli kubwa hupanga mwendo wake ili afike hapo maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa. Kwa hiyo saa ya kupita hubadilika kila safari, na pengine itakuwa usiku wa manane. Muulizeni mhudumu wa meli siku ya kwanza.

Jambo la pili ni saa za mchana, na hapa kuna sheria ambayo abiria wengi hawaijui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaikataza meli yenye bendera ya nchi ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kutia nanga katika nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za kigeni. Ndiyo sababu meli inayoanzia na kuishia Seattle lazima iguse Kanada, na mara nyingi inagusa mji wa Victoria, jioni ya siku ya mwisho, ikakaa saa chache hadi karibu na usiku wa manane. Kwenye tangazo Victoria inahesabiwa kuwa bandari ya nne. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 anayelala saa mbili usiku na bibi aliyechoka, bandari hiyo haipo. Chukueni ratiba zote mbili, kalamu na karatasi, kisha kwa kila bandari andikeni saa ya kufika na saa ya kuondoka, mtoe saa za usiku na saa moja ya kushuka na kupanda. Jumla mtakayoipata ndiyo safari mnayoinunua. Nimeona ratiba yenye bandari tatu ikiizidi ile ya bandari tano kwa hesabu hiyo.

Sitaki kuidhulumu meli ya Seattle. Ukubwa wake una sababu na una faida. Daraja la Lions Gate, ambalo kila meli hulipita kuingia bandari ya Vancouver, lina nafasi ya mita 61 hivi juu ya maji, na meli ndefu kwenda juu kupita kiasi hicho haziwezi kuingia; kwa hiyo zile kubwa kabisa, zenye viwanja vya michezo juu ya sitaha, hukaa Seattle. Mtoto wa miaka 14 atapata wenzake wengi zaidi humo, na siku za mvua atakuwa na mahali pa kwenda. Kama angekuwa peke yake, au kama mngekuwa familia ambayo watu wazima wanatafuta kupumzika tu, pengine ningesema vingine. Hata meli ndogo, hata hivyo, huwa na klabu ya watoto inayopokea kuanzia miaka 3 au 4 na chumba cha vijana. Ulizieni umri kamili na kama mdogo wenu ni lazima awe ameacha nepi.

Kuna pia safari za upande mmoja, zinazoanzia Vancouver na kuishia Seward au Whittier, ambako watu huendelea kwa treni au basi kuelekea Denali, mlima wa mita 6,190. Ni safari nzuri mno, lakini huvuka Ghuba ya Alaska, ambayo ni bahari wazi, na baada yake huja mabasi na hoteli za kuhamahama. Kwa goti la mama mkwe wako, iacheni.

Sasa Glacier Bay. Mwaka 1794, mabaharia wa nahodha George Vancouver walipopita mahali hapo, ghuba karibu haikuwapo. Waliona ukuta wa barafu na tundu dogo tu ufukweni. John Muir, mwandishi wa mambo ya maumbile, alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60, na baadaye iliendelea kurudi hadi ghuba ikawa na urefu wa kilomita 100 hivi. Kwa hiyo meli inapoingia asubuhi inasafiri ndani ya karne mbili. Mdomoni mwa ghuba milima imefunikwa na misonobari mirefu, kwa kuwa ardhi hiyo iliachwa na barafu zamani. Kadiri mnavyosonga ndani miti inafupika, vinafuata vichaka, kisha ukoga na nyasi, na mwishoni jiwe tupu ambalo limetoka chini ya barafu juzijuzi. Mwambie mwanao wa miaka 9 aandike kila baada ya nusu saa anachokiona ufukweni. Jioni atakuwa na historia nzima ya msitu katika ukurasa mmoja.

Hifadhi huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na si kila kampuni ina kibali, ndiyo maana nimelifanya kuwa sharti. Asubuhi, mbele ya Bartlett Cove, kituo cha hifadhi hiyo, mashua ndogo itasogea ubavuni mwa meli na walinzi wa hifadhi watapanda kwa ngazi ya kamba meli ikiwa bado inakwenda. Watoto wasikose kuliona hilo. Walinzi hao hukaa ndani siku nzima, wakieleza kwa vipaza sauti na kujibu maswali ya abiria, na huwa na shughuli maalumu za watoto. Hakuna anayeshuka nchi kavu, jambo ambalo kwa mama mkwe wako ni neema: siku kubwa kuliko zote katika safari nzima haimdai hatua hata moja ya ngazi. Ghuba hiyo ni nchi ya asili ya Watlingiti wa Hoonah, ambao barafu iliyokuwa ikisonga mbele iliwafukuza katika makazi yao katika karne ya 18, na mara nyingine mmoja wao huwa melini kusimulia habari hizo. Msikilizeni huyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kituo kikuu ni mto wa barafu wa Margerie, wenye upana wa kilomita 1.6 hivi na uso unaosimama mita 75 hivi juu ya maji. Meli husimama mbele yake, ikazima kelele zote inazoweza kuzizima, na kugeuka polepole. Barafu hapo ni ya buluu, na watoto watauliza kwa nini. Theluji ya miaka mingi imekandamizwa hadi hewa ikatoka ndani yake, na barafu nzito namna hiyo humeza rangi nyekundu ya mwanga na kuiachia buluu. Waambieni watazame sehemu moja ya ukuta, wasihangaishe macho. Kwanza huanguka vijiwe vya barafu kama chumvi inayomwagika. Kisha, pengine, kipande kikubwa kama nyumba hujitenga na kushuka bila sauti yoyote, na mngurumo huja nyuma yake, kwa kuwa sauti huchukua sekunde 3 hivi kukata kilomita moja. Watlingiti huuita mngurumo huo radi nyeupe. Huenda mkakaa saa nzima na kisianguke kitu. Waandaeni watoto kwa hilo pia, wasione wamedhulumiwa.

Ratiba zisizo na Glacier Bay huweka badala yake hori la Tracy Arm au Endicott Arm, kusini mwa Juneau, au mto wa barafu wa Hubbard. Hori hizo ni nyembamba na kuta zake ni za kutisha kwa urefu, na kwa macho yangu zinapendeza kuliko ghuba yenyewe. Shida ni kwamba mwanzoni mwa msimu vipande vya barafu huziba njia na nahodha hugeuka kabla ya kufika. Isitoshe, Agosti 2025 upande wa mlima uliporomoka ndani ya Tracy Arm na kusababisha wimbi kubwa, hivyo msishangae ratiba mliyoiona mwaka jana ikiwa imebadilishwa.

Juni au Agosti? Hapa watu wenye ujuzi hutofautiana, nami nitakupa sababu zangu. Mvua ya pwani hii huongezeka kadiri kiangazi kinavyosonga. Ketchikan, mojawapo ya bandari za njia hii, hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, na nafuu yake iko Mei, Juni na Julai. Mwishoni mwa Juni mjini Juneau jua huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kutua baada ya saa nne usiku, kwa hiyo hata baada ya chakula cha jioni bado mna saa za kutazama. Theluji bado iko vileleni, sili wamezaa na watoto wao wamelala juu ya vipande vya barafu, na nyangumi wameshafika. Agosti ina jambo moja ambalo Juni haina: samoni. Wanapanda mito kwa maelfu kwenda kutaga, katika kijito kinachopita katikati ya Ketchikan unawaona migongo yao ikigusana, na dubu huwafuata. Mtoto wa miaka 9 hatakisahau kitu hicho. Nikipima, ningewapeleka nusu ya pili ya Juni kwa sababu ya ngazi na njia za mbao zinazoteleza mvua ikinyesha. Kama si goti hilo, ningesema Agosti bila kusita.

Bandari za kawaida ni tatu. Juneau ndiyo ya kutumia fedha. Ni makao makuu ya jimbo, lakini hakuna barabara inayouunganisha mji huo na mji mwingine wowote. Kila mtu hufika kwa maji au kwa ndege. Kutoka ghuba ya Auke, nje kidogo ya mji, mashua hupeleka watu kuona nyangumi wenye nundu, ambao hupita majira ya baridi Hawaii wakizaa na kunyonyesha, kisha huja hapa kula. Chagueni mashua yenye chumba kilichofungwa, chenye joto na choo, kwani saa tatu za majini ni nyingi kwa mtoto wa miaka 4. Mtaanza kuona pumzi: ukungu mweupe unaoruka na kutawanyika, halafu, upepo ukiwa upande wenu, harufu yake, ambayo ni ya samaki waliooza. Nyangumi anapotaka kuzama chini kabisa hukunja mgongo na kuinua mkia, na upande wa chini wa mkia una madoa meusi na meupe yasiyofanana kwa nyangumi wawili. Watafiti huwatambua kwa madoa hayo kama sisi tunavyotambuana kwa nyuso. Sheria inaitaka mashua ikae umbali wa yadi 100, yaani mita 91. Mkimwona nahodha anawasogelea zaidi ili mpate picha, msimsifu.

Siku hiyo hiyo, baba na mkubwa wanaweza kwenda kwenye mto wa barafu wa Mendenhall na kutembea hadi maporomoko ya Nugget Falls, njia tambarare ya kilomita 3 hivi kwenda na kurudi, wakati wewe, mama mkwe na wadogo mnapanda kwa gari la waya mlima Roberts, ambalo huondokea karibu kabisa na gati. Ninapendekeza hivyo kwa makusudi. Kosa ninaloliona katika familia za vizazi vitatu ni kutaka watu wote sita wafanye kila jambo pamoja, hata kijana wa miaka 14 akatembea kwa mwendo wa bibi na bibi akajikaza kwa mwendo wa kijana, na jioni wote wawili wamenuna. Gawanyikeni mchana, mkutane mezani usiku kila mmoja akiwa na lake la kusimulia.

Skagway ni siku ya mama mkwe. Treni ya White Pass, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, hupanda mita 873 kwa mwendo wa kilomita 32 hivi, nanyi mmekaa kitini mkitazama dirishani. Chini ya reli bado inaonekana njia ambayo watafuta dhahabu walipanda kwa miguu, wakibeba shehena mgongoni, kwa kuwa askari wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka bila chakula cha mwaka mzima. Wakati wa kupanda kaeni upande wa kushoto wa behewa. Ketchikan, kwa upande wake, haihitaji ziara ya kulipia sana. Nendeni kijiji cha Saxman kuona nguzo za kuchongwa, na mwelezeni mtoto kwamba si sanamu za kuabudiwa bali kumbukumbu za ukoo, nani alitoka wapi na alifanya nini. Miongoni mwa Watlingiti mtoto hufuata ukoo wa mama yake.

Ziara mnayoinunua melini ni ghali zaidi, lakini ikichelewa meli huwasubiri. Mkikodi wenyewe mjini na kuchelewa, meli itaondoka. Saa ya Alaska iko nyuma ya ile ya Vancouver kwa saa moja, na simu hubadilika zenyewe au hukataa kubadilika. Mvalisheni mtu mmoja saa ya mkononi na kuiweka katika saa ya meli. Mwaka mmoja niliikosa hatua hiyo nikiwa na familia niliyoiongoza, tukakimbia gatini tukiwa na kigari cha mtoto na begi limefunguka. Tangu hapo saa ya mkono iko juu kabisa katika orodha yangu.

Kuhusu goti, kitu kitakachomsumbua ni daraja la kushukia kuliko miji yenyewe. Maji ya Juneau hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 6 siku za bamvua, na gati zinazoelea hushuka pamoja nayo, hivyo mteremko ambao saa nne asubuhi ulikuwa tambarare unaweza kuwa mkali saa kumi jioni. Angalieni saa za kupwa katika karatasi ya kila siku ya meli, na mama ashuke na kurudi maji yakiwa juu. Kabla ya kulipa ulizieni pia ni bandari zipi ambazo meli haifungi gati bali hutia nanga na kushusha watu kwa mashua ndogo, kwa kuwa kuruka kutoka chombo kinachoyumba kwenda kingine si jambo la mtu wa mkongojo. Kiti cha magurudumu kiombwe mapema, hata kama hatakitumia. Bima iwe na kipengele cha kusafirisha mgonjwa, maana hospitali kubwa ziko mbali na usafiri wa ndege ya wagonjwa ni gharama nzito mno.

Kulewa bahari huzuiwa kabla hakujaanza. Kabini iliyo katikati ya meli na katika sitaha za chini ndiyo inayoyumba kidogo zaidi. Dawa za kawaida za safari zinywewe kabla ya mawimbi, na daktari wenu aseme ipi inamfaa mama kulingana na dawa anazotumia. Bandiko la nyuma ya sikio, ambalo watu husifiana sana, linaweza kumchanganya akili mzee, na si la watoto. Ziada ya hapo ni hewa baridi usoni, macho kwenye upeo wa bahari, na tumbo lisilo tupu. Mikono ya wote ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo. Virusi vya kuhara vinavyoenea melini haviuawi vizuri na dawa ya kupaka yenye spiriti.

Nguo nitazitaja kwa ufupi: shati jembamba lisilo la pamba, sweta, na juu yake koti lisilopitisha maji, pamoja na kofia na glavu hata mwezi Juni, kwani upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu ni baridi kuliko mji wowote mtakaoutembelea. Darubini ziwe tatu au zaidi. Darubini moja kwa watu sita ni ugomvi.

Hati za kusafiria zianze leo. Kama pasipoti zenu zinadai viza, mtahitaji ya Marekani na ya Kanada zote mbili, kwa meli yoyote kati ya hizo: ya Vancouver kwa kuwa mnaanzia huko, na ya Seattle kwa kuwa inagusa Victoria, hata msiposhuka. Viza hizo ziwe za kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mtatoka Kanada kwenda Alaska na kurudi tena. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya familia kuzuiwa gatini wakiwa na mizigo mkononi, na hakuna kampuni ya meli itakayowarudishia nauli.

Imebaki roshani. Si kweli kwamba safari haina maana bila hiyo. Kwa familia ya watu sita roshani moja ina faida ya kweli: mdogo akilala mchana, mtu mzima anayemlinda hafungiwi gizani. Basi chukueni kabini mbili zinazokaribiana, moja yenye roshani kwa mama mkwe na wadogo wawili, na nyingine ya ndani, ya bei ndogo, kwa nyinyi na mkubwa, na mbadilishane usiku mmoja mmoja mkipenda. Msihangaike na upande, kulia au kushoto, kwa kuwa mnakwenda na kurudi na mbele ya Margerie meli huwaonyesha pande zote. Siku ya Glacier Bay, hata hivyo, msibaki roshanini. Mama mkwe apelekwe mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, katika ukumbi wa vioo ulio juu mbele ya meli, ashike kiti cha kwanza kabisa na blanketi; nanyi wengine mwende kwenye sitaha ya omo, yaani ya mbele kabisa, ambayo mabaharia huwafungulia abiria siku hiyo, mpokezane kumletea chai na habari.